Kuku wa Uzazi Waliochovywa Dawa ya Pamba

Admin, jina langu lisionekane, maana huku Bunda tunajuana. Nina miaka 27, nimeishia kidato cha nne, nimeolewa Manyamanyama. Mwezi uliopita nilijifungua mtoto wangu wa kwanza.

Mama mkwe alikuja kutoka kijijini kunihudumia, akaleta kuku wa uzazi. Ni mama mwenye upendo. Anamwogesha mtoto, ananikanda, hataki hata niinue ndoo. Supu nilikuwa nakunywa kila siku. Siku moja nikamsifia kwamba kuku wake hawana kiroboto hata mmoja. Akacheka, akanieleza kwamba dawa ya pamba ikibaki kwenye bomba baada ya kupuliza shamba, huwa anawachovya humo na kuwaacha wakauke juani. Na hawa aliwachovya kabla ya kupanda gari, wasije wakanijazia viroboto ndani.

Nikampigia bwana mifugo. Alisema ile si dawa ya kuku, inapita kwenye ngozi na inaweza kujikusanya kwenye mafuta, maini na mayai, na kuchemsha hakuiondoi yote. Nikampeleka mtoto kliniki. Wakasema kwa kumwangalia yuko sawa, ila kipimo cha dawa hiyo hawana. Tangu hapo kila nikimnyonyesha namchungulia anavyopumua.

Jioni nikamweleza mama taratibu kwa nini siwezi tena kunywa ile supu. Hakugomba. Alichukua bakuli langu, akanywa yote nikimtazama, akafuta mdomo kwa khanga.

"Hii ndiyo niliyomlea nayo mumeo," akasema. "Unaniambia niliwalisha wanangu sumu?"

Mume wangu anasema shule imeniharibu, nimwombe mama yake msamaha. Mawifi walioko Musoma wanasema eti mimi wa kishua, supu ya kijijini inanikwama.

Jumapili mtoto anabatizwa. Mama amerudi kijijini kufuata kuku wa wageni, na msimu wa kupuliza pamba haujaisha. Wifi yangu mdogo anakuja na mimba yake ya kwanza, na mama ameshasema maini yote ni ya kwake.

Nikisema mbele ya wageni, nitamvunja mama aliyenipokea kama mwanawe. Nikinyamaza, nitakaa pale nimwangalie wifi akila. Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nishaurini kabla ya Jumapili.