Binti Mmoja, Posa Mbili na Kisanduku cha Kusikilizia

Siku yangu ya kwanza kazini nilitolewa chumbani kwa kupiga kelele. Ilikuwa Tanga, miaka ya hamsini, katika chumba cha masikio cha hospitali, na kazi niliyopewa ilikuwa kunong'ona. Nisimame nyuma ya mgonjwa, nimtajie maneno kwa sauti ya chini, naye ayarudie akiyasikia. Lakini mie Mbondei wa Muheza, nimelelewa nyumba ya watoto wengi. Kwetu asiyepaza sauti hulala na njaa. Asubuhi ile wagonjwa wote walifaulu.

"Salome," akasema Sista Mkuu, msimamizi wetu, "nimesema nong'ona, sikusema adhini. Hata wapita njia wanakujibu!"

Nikajifunza. Daktari wa masikio, Mzungu tuliyemwita Bwana Mganga, akanifundisha na kutumia uma: chuma cha meno mawili, ukikigonga kinavuma. Unakiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio, kisha unakileta mbele ya tundu. Anayesikia zaidi kwenye mfupa, njia ya nje ndiyo iliyoziba, na mara nyingi tulikuwa na la kumfanyia. Anayesikia hafifu kote kuwili, ubovu uko ndani, na huko dawa hatukuwa nayo.

Ndipo akaja Mama Rozina, kamshika mumewe mkono.

"Bwana Mganga, mume wangu kamwoza binti mmoja kwa watu wawili."

"Ndiyo, ndiyo," akaitikia mumewe kwa furaha.

Huyu alikuwa Mzee Kaspari, Mngoni aliyekuja pwani kukata mkonge, akaishia kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani kutoa katani. Ngurumo yake ilimla masikio. Kwa kuona haya kusema hasikii, akawa anaitikia ndiyo kwa kila kitu. Mkewe alipokwenda Songea kumwuguza mama yake, nyapara wa shamba akaja kuposa. Ndiyo. Akaja na fundi cherehani. Ndiyo.

"Nimerudi nakuta wakwe jozi mbili," akasema Mama Rozina, "na wote wanakuja Jumapili kupanga harusi!"

"Na binti?" akauliza Bwana Mganga.

"Anasema alimwambia babake hataki hata mmoja. Babake anaapa alisema nataka."

Nikampima kwa uma. Ubovu ulikuwa ndani. Bwana Mganga akatoa kisanduku cha kuvaa kifuani, chenye betri nzito na waya wa kwenda sikioni.

"Hiki kinakuza sauti, hakiisafishi," akasema. "Mtu wa korona hupotewa kwanza na sauti nyembamba, kama ya s na f. Maneno humfikia yameng'oka meno. Kwa hiyo usitegemee sikio jipya. Mtazame anayesema, sikiliza mmoja mmoja, na ufanye mazoezi. Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Nimesema nini?"

Mzee akainamisha kichwa. "Sijui, Bwana. Sisikii."

Bwana Mganga akanigeukia. "Matibabu yameanza."

Nikawa nakwenda kwao jioni kumfundisha. Mwanzoni alikichukia kisanduku. Kuku, sufuria, hata shati lake likisugua waya, vyote vilimvamia. "Nyumba hii ina kelele kuliko kiwanda!" Lakini polepole akaanza kuyakamata maneno ya mkewe, mengine akajuta kuyasikia.

Jumapili ikafika. Koo mbili zikakaa chumba kimoja, zikikodoleana macho. Kisanduku kikapiga mluzi mkali, mjomba wa nyapara akadhani ni king'ora cha kiwanda, akainuka kwenda zamu. Nikakikaza kipande cha sikioni, mluzi ukakoma. Mzee akasimama.

"Wakwe, nisameheni. Mimi sisikii. Nilikuwa naitikia tu. Rozina mwanangu, njoo ukae mbele yangu. Useme polepole."

Rozina akakaa, akamtazama. "Sitaki, baba. Wote wawili. Sitaki."

Mzee aliitazama midomo yake. "Sitaki?"

"Sitaki."

"Nami nilisikia nataka!" Akacheka huku machozi yakimtoka.

Fundi cherehani akauliza kama chakula bado kipo. Kikaletwa. Vishika uchumba vikarudishwa. Nyapara alinuna, akaacha kumsalimia Mzee, na Mzee akasema hilo halimsumbui, maana hata alipomsalimia hakumsikia. Rozina baadaye aliolewa na mtu wa kuchagua mwenyewe.

Mie nikapelekwa Pangani, kisha Korogwe, nikarudi Tanga kustaafu. Siku hizi kuna kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio kwa upasuaji. Kinairuka sehemu iliyoharibika, kinaamsha mshipa wa kusikia kwa umeme. Vijana wa mtaani kwetu Usagara huniuliza kama kitamfaa mtu wao. Nawaambia hupewa yule ambaye vifaa vya nje vimemshinda na mshipa wake bado u hai, na hilo daktari ndiye apimaye. Upasuaji nao si mwisho. Sauti huja ngeni, mtu akajifunza kusikia upya.

Juzi kaja mmoja.

"Shikamoo Bibi. Tumeamua babu yetu apandikizwe."

"Marahaba. Mwenyewe anasemaje?"

"Hatujamwuliza, Bibi. Hasikii."

"Kusoma anajua?"

"Anajua sana."

Nikampa kalamu.