Glavu Iliyofukizwa Udi

Nimefanya kazi nyingi katika miji mingi, lakini ninayoiota hadi leo ni ile ya kusimama golini juu ya barafu. Ilikuwa nchi moja ya Ghuba, ndani ya jumba la maduka, ambako nje jua linaunguza na ndani watu wamevaa makoti. Niliajiriwa kugawa viatu vya kutelezea. Siku moja kipa wa timu ya magongo ya barafuni hakutokea mazoezini. Wakanivika pedi za miguu pana kama milango ya kabati, kofia yenye vyuma usoni na glavu kubwa ya kudakia, wakaanza kunipigia. Kile kipande cheusi cha mpira huja kama jiwe. Sikukimbia. Tangu hapo mwenye duka la vifaa akawa ananipa kila kifaa kipya nikijaribu kabla hajakiuza, nami namwambia kinabana wapi na kinaumiza wapi.

Mkataba ulipokwisha nikarudi Mombasa, kwa shangazi yangu aliyenilea, Mji wa Kale. Miguu ikaniwasha, nikatamani kuondoka tena. Mwaka jana yule mwenye duka akanitumia glavu mpya kwa mkono wa msafiri. Alitaka kujua itavumiliaje joto na jasho la huku. Nirekodi video tatu kwa simu: ingali mpya, ikishazoea mkono, na ikishachoka. Zikimridhisha, angenirudisha Ghuba, mchana dukani kwake, jioni golini. Sharti lake lilikuwa moja: isioshwe.

Barafu hatuna. Jumapili, malori yakipungua, tulicheza Shimanzi kwenye ua wa saruji nyuma ya ghala, kwa viatu vya magurudumu na mpira mgumu. Mpigaji wangu alikuwa rafiki yangu, karani wa makontena, Mrabai mwenye mdomo.

"Kaa sawa, kipa wa friji!" alinipigia kelele. "Hapa hapatelezi, utaacha magoti!"

"Piga, wacha maneno. Wapiga kama wabembeleza mtoto."

Alipiga. Katika video ya kwanza nilisema nilichokiona: kiganja kigumu, mpira unaingia na kuruka nje, kidole gumba kinawaka moto. Nikaifunga glavu na mpira ndani yake, nikailaza chini ya godoro, kama wafanyavyo makipa, hadi ikalainika. Video ya pili niliirekodi nikicheka, maana ilikuwa ikijifunga yenyewe mpira unapogusa. Jibu la mwenye duka likaja kwa ujumbe wa sauti: "Maliza ya tatu, nianze mambo ya viza."

Shangazi alisikia. Hajawahi kuridhia safari yangu hata moja. Kila nilipoondoka alinigeuzia uso, nami nikatoka hivyo hivyo na begi langu. Mara hii aliendelea tu kuchambua mchele.

Ijumaa nikitoka msikitini, harufu ya udi ilinipokea mlangoni. Kitandani kwangu kulikuwa na kanzu na mashati yaliyokunjwa vizuri, na juu yake glavu. Niliishika. Kiganja kilikuwa kimekauka kama papa wa kuanikwa, na gundi ya kidole gumba imeachia.

"Shangazi, hii umeifanyaje?"

"Nimelifua, mwanangu. Lilikuwa lanuka kama beberu! Nimelitia maji moto na sabuni, nikalianika darini, kisha nikalifukiza pamoja na nguo zako. Waenda kwa watu na kitu kile? Watasema huyu hana kwao."

"Lini umekubali niende?"

"Umri huo nitakuzuia mpaka lini? Nenda, baba. Mara hino nenda na radhi zangu."

Nilikaa kitandani na ile glavu mapajani. Sikuwa nimemwambia kuwa haioshwi. Sikudhani angekigusa kitu chenye uvundo ule. Na sasa ningemwambia kwa mdomo gani?

Mwenye duka nilimweleza kweli. Alicheka sana, kisha akanipa pole. Glavu nyingine hakuwa nayo, na msimu ulikuwa unaanza. Akamchukua kijana aliyekuwa huko huko.

Jumapili iliyofuata niliivaa hata hivyo. Mpira wa kwanza ukapenya kwenye gumba. Rafiki yangu alisogea, akaitazama glavu, akainusa.

"Yanukia kama bibi harusi," alisema, lakini hakucheka. Hakunipigia tena siku hiyo.

Nimeondoka nyumba ile mara nyingi bila ruhusa, na kila mara nikafika nilikokwenda. Safari moja niliyoruhusiwa ndiyo nisiyokwenda. Sijui kinachoniuma zaidi ni barafu ile au zile nguo zilizokunjwa.

Shangazi hajui bado. Juzi tu, akinimiminia kahawa, aliniuliza tena.

"Tiketi haijaja?"

"Bado, shangazi."

"Itakuja tu. Mimi nishatoa radhi."

Nikapokea kikombe, nikamuuliza kama kaimati zimebaki.