Barua Moja, Bahasha Nne

Wacha nikubali mapema, ndio mcheke mara moja yaishe: mimi ndiye yule aliyemwambia Wanyama, mwanaume mzima wa ndevu, kwamba nampenda, mbele ya wazazi na sufuria za pilau.

Ilikuwa tisini na nane, kwenye chuo kidogo cha kompyuta hapa Malaba, nikiwa msaidizi wa maabara. Watu wanne walikuwa wanamaliza masomo, mmoja wao Amoit, karani wa ofisi ya kutoa mizigo forodhani, ambaye Jumatatu angevuka kwenda kazi Kampala. Mwaka mzima nilikuwa nammezea mate tu. Mkurugenzi aliponituma nimwandalie kila mmoja barua ya kwaheri, nikasema haya, ya Amoit itasema ukweli (jina lake sikuliweka ndani, kwa aibu).

Barua nne, jamani, si ningeandika tu kwa mkono? Lakini nilitaka ajue mimi ni mtu wa C, ile lugha ya kuandikia programu, nikatunga programu yenye thredi nne, yaani wafanyakazi wanne ndani ya programu moja, wote mbio kwa pamoja, kila mmoja na barua yake. Na kwa uvivu, badala ya kumpa kila mmoja nakala, nikawaelekeza wote pahali pamoja kwenye memori, kama ubao mmoja: naandika ya Wanyama, nafuta, naandika ya anayefuata. Nilipojaribu niliweka sekunde moja ya kungoja katikati, ikaenda sawa. Siku yenyewe ya sherehe ya kuwaaga, mkurugenzi akapiga kelele, "Ojiambo, harakisha, wageni wana njaa!" nikaitoa ile sekunde. Karatasi zikatoka, nikakunja bila kusoma, nikaandika majina juu ya bahasha.

Kumbe kabla thredi hata moja haijafika kusoma ubao, nilikuwa nimeshaandika barua ya mwisho. Na ya mwisho ilikuwa ya Amoit.

Wanyama akaambiwa atusomee yake. Akasimama, akakohoa: "Tangu ukae pale dirishani, hata chai hainishuki. Nakupenda. Usivuke mpaka kabla hujanijibu."

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Mama Nekesa wa Amukura, mhitimu mwenzao mwenye wajukuu, akainua yake juu: "Ai! Kumbe hata mimi nimependwa!"

Nikamtazama Amoit. Alikuwa ameshafungua yake, na alikuwa anatabasamu, walai nililiona lile tabasamu, halafu likaisha. Nikamkimbilia mlangoni, nikaanza kumweleza habari za ubao na memori (memori, jamani, saa kama hiyo!).

Akasema polepole, "Ojiambo, na mimi nilidhani ni yangu."

Jumatatu akavuka.

Siku hizi kila thredi naipa nakala yake, hata zikiwa mbili tu, na mambo ya moyo naandika kwa kalamu. Lakini nikimwona dada akitokea upande wa Uganda na begi, bado nasimama nimwangalie uso. Nimemkosa, sitaki kudanganya. Ningetaka tu kumwambia: Amoit, zile tatu ndizo zilizokosea njia. Yako ilikuwa yako.