Shule Iliponyamaza Kilimani

Ninaikumbuka ile siku shule yetu ya Bihambwe iliponyamaza, mwanangu, kama watu wanavyokumbuka siku ya msiba, maana wanawake waliacha kulima wakaja mbio kuuliza nani amekufa.

Jana umeniambia kwamba watoto wa darasa lako kule Nyabiondo hawawezi kukaa na kitabu. Ukiwaacha wenyewe kidogo tu, huyu anachungulia nje, yule anamvuta mwenzake nguo. Umeniomba dawa. Dawa sina. Nina habari moja ya zamani, na sehemu yake bado inanichanganya mimi mwenyewe, basi ipokee hivyo hivyo.

Wakati ule Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Shule yetu ilikuwa chumba kimoja cha udongo, nyasi juu, karibu na kanisa. Kusoma kwetu kulikuwa kusoma kwa sauti. Mwalimu mzee alitamka, benchi la mbele likapokea, sisi wa nyuma tukafuata, na darasa zima likauimba ukurasa tangu juu mpaka chini. Sauti ile ilishuka mpaka mashambani. Mama zetu walilima maharagwe wakitusikiliza, na ungemwona mmoja amesimamisha jembe anasema, huyo ni wangu. Wazazi walijua shule ipo kwa sababu waliisikia. Mimi Mungu alinipa koo pana, basi nikajihesabu msomaji mkubwa.

Mwalimu mzee akarudi kwao, tukaletewa Mwalimu Anselemi, kijana mwembamba kutoka Walikale, mtoto wa mwindaji. Msitu aliujua, ng'ombe aliwaogopa waziwazi. Akikutana na Bihogo, ng'ombe wetu mwekundu, alipanda ukingo wa njia akampisha kama anavyopishwa chifu, nasi tukacheka mpaka machozi. Lakini wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Misheni ilikuwa imempa sanduku la vitabu vidogo, kila kimoja na hadithi yake. Akatugawia, akatuambia kila mtu asome chake, peke yake, kwa macho, mdomo umefungwa.

Hatukumwelewa hata chembe. Kusoma bila mdomo kulikuwa kwetu sawa na kula bila mdomo. Mmoja aliuliza kama ni adhabu. Mwingine alisinzia. Mimi nilikitazama kitabu nikingoja benchi la mbele lianze, na benchi la mbele lilikuwa limegeuka nyuma linatutazama sisi. Herufi nilizijua zote, lakini hazikuniambia kitu. Nikageuza ukurasa kwa sababu jirani yangu amegeuza. Baadaye aliniambia kwamba yeye aligeuza kwa sababu alinisikia nakohoa.

Ndipo wanawake wakatokea mlangoni, majembe mabegani, na lile swali lao la msiba. Mwalimu aliwaeleza kwamba tunasoma. Walituangalia, wakaangaliana, wakaondoka polepole, na kabla ya jua kuzama kilima kizima kilikuwa kinasema yule mtu wa Walikale anawalaza watoto.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu, ng'ombe wote wakabaki mikononi mwa baba, naye mguu ulikuwa unamuuma. Kunipeleka shuleni kulimnyima mchungaji. Akasema kama shule imekuwa mahali pa kunyamaza, mimi ninaweza kunyamaza vizuri zaidi nyuma ya ng'ombe. Angengoja mpaka siku ya kuwahamishia malisho ya juu. Akiona faida, nibaki shuleni. Asipoiona, nirudi kuchunga.

Niliogopa, mwanangu. Shule niliipenda, hata pale niliposhindwa kusema ninapenda nini ndani yake. Nikachukua kitabu chetu cha zamani, kile cha kuimba, nikasimama karibu na moto nikamsomea baba kwa koo langu lote. Baba akaanza kutikisa kichwa kwa furaha. Katikati ya sentensi nikavuta pumzi, na mama, aliyekuwa anasonga ugali, akaimalizia. Kisha akaendelea na ukurasa uliofuata, mgongo amenipa, mikono kwenye mwiko. Mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

"Kama ile njo kusoma," akasema, "basi na miye nilishamaliza masomo, na mbuzi za jirani ziko karibu kumaliza."

Baba hakucheka. Mimi nilichanganyikiwa kabisa. Kama mama anasoma bila kitabu, mimi mwenye kitabu nilikuwa nafanya nini muda wote ule? Nani aliyekuwa anasoma, mimi au benchi la mbele?

Swali hilo nikampelekea mwalimu. Kuuliza si ujinga, lakini zama zile kuuliza kulikuwa na fimbo yake, na nilikuwa nimejiandaa. Yeye akakaa kwenye benchi letu, magoti yakamfika kifuani, akanisimulia jinsi baba yake alivyomfundisha kuvizia nyama porini. Siku za kwanza hakuweza kutulia hata kidogo. Alijikuna, alipiga chafya, alitaka kwenda haja. Baba yake hakumpiga. Alimwongezea muda kidogo kidogo.

"Simba mwenda kimya njo mla nyama," akaniambia. "Lakini hata simba iko najifunza. Na siye tutaanza na kidogo."

Kidogo gani? Saa ya kupimia muda ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa misheni. Akatuuliza sisi watoto wa wafugaji tunapimaje muda mfupi, tukamwambia kwa kukamua ng'ombe mmoja. Yeye hakujua ni muda gani. Basi mwenzetu mmoja akachuchumaa mbele ya darasa akamkamua ng'ombe asiyekuwapo, sisi tukisimamia, mpaka tulipokubaliana kwamba kibuyu kimejaa. Kuanzia hapo tukasoma ng'ombe mmoja kila asubuhi. Baadaye wawili. Haba na haba hujaza kibaba. Aliyechezesha midomo hakukaripiwa. Aliyechoka aliruhusiwa kuinua macho, kutazama kilima, kisha kurudi kwenye mstari wake. Alichokataza ni kukimbilia ukurasa wa jirani.

Kitabu changu kilikuwa cha mtu anayepeleka ndama wa mahari. Nilikwama kwenye mstari mmoja, nikaurudia, nikaurudia tena, na ghafla nikamwona ndama. Hakuna aliyeniambia kwa sauti. Alikuwa mweusi, na kitabu hakikusema rangi. Mpaka leo sijui nani alimpaka weusi ule.

Lakini baba hakujua lolote la haya, na siku ya kuhamisha ng'ombe ilikuwa inakaribia. Asubuhi moja akaja shuleni na fimbo yake, akakaa benchi la nyuma. Wakati huo tulikuwa tumefika ng'ombe watatu. Baba alitutazama sisi, akamtazama mwalimu, akatazama nyasi za paa. Mwalimu aliposema imetosha, baba akasimama akauliza, kwa heshima, masomo yanaanza lini.

Mwalimu akaniita nimsimulie baba nilichosoma. Nikamwambia habari za yule mtu wa ndama wa mahari, jinsi mto ulivyojaa, jinsi kamba ilivyomponyoka katikati ya maji. Yeye alivuka, ndama akabaki ng'ambo ile waliyotoka, jua linazama, na kwenye tope la upande wa ndama kulikuwa na nyayo za chui. Hapo nikaishia.

"Na ndama?" baba akauliza.

"Sijui, Papa. Sijafika pale."

Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, wewe unajua?"

"Najua, Papa."

"Basi sema."

"Hapana, Papa. Mutoto wako njo atakuambia, siku yenye atafika."

Sijawahi kumwona baba amepotewa vile. Alikuwa na hasira, lakini hakujua aielekeze wapi. Akaondoka bila kuaga, na nikajua yangu yamekwisha. Kulipokucha nilivaa nguo ya kuchungia bila kuambiwa, nikachukua fimbo nyuma ya mlango. Baba akaitoa mkononi mwangu.

"Leo nitachunga miye," akasema. "Enda ukaone ile ndama."

Akaenda, na mguu ule ule mbovu, mpaka malisho ya juu.

Nilikuwa msomaji wa polepole, mwanangu. Kila jioni nilimletea kipande nilichofika, naye alikipokea bila kulalamika. Mwishowe ndama alimkwepa chui akarudi nyumbani kwa mama yake, na kitabu kikaishia hapo. Baba akauliza, sasa mahari ililipwa au haikulipwa? Nikatafuta ukurasa mwingine, haukuwapo. Tukamuuliza mwalimu, na safari hii hata yeye hakujua. Baba alilipeleka jambo hilo kwa wachungaji wenzake, wakagawanyika pande mbili, na kila harusi ya ukoo wetu alilifufua. Alikufa bado anawalaumu wale wakwe wa kitabuni. Mimi nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, na jibu sijalipata.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiwaanzishe watoto wako na saa nzima, watakuchukia wewe na kitabu pamoja. Waanzishe na muda mdogo wanaoujua, uongeze pale watakapokuwa wameuzoea, kwa maana kawia ufike. Anayekwama mwache akwame kidogo, usimkimbilie na jibu, na mwisho wa hadithi usimwambie hata baba yake akikuomba. Darasa likinyamaza usiogope. Mzazi akija mlangoni kulalamika, mpe benchi akae. Na wewe mwenyewe soma mbele yao, wakuone ukirudia mstari ambao hujauelewa.

Mungu akutunzie macho, mwanangu, akupe subira ya kukaa na watoto wa watu. Akuletee mwanafunzi mwenye swali litakalokushinda, na siku hiyo akupe moyo wa kumwambia kwamba hujui.