Jumamosi za Bi Nurjehan

Alama nzuri peke yake hazimwingizi mtu chuo cha udaktari. Hilo Otilia alilijua. Fomu ilitaka kujua umefanya nini nje ya darasa, kwa saa ngapi, na nani atathibitisha. Wenzake walijaza kurasa nzima: maabara za wajomba, safari za kujitolea, mashindano ya fidla. Yeye, mtoto wa maghorofa ya Dixon, mtaa wa wahamiaji huko ughaibuni, alikuwa na miaka mitatu ya kuuza kahawa uwanja wa ndege. Kazi ya halali kabisa, lakini aliionea aibu, hakuiandika.

Badala yake akamwandika Bi Nurjehan. Huyu alikuwa ajuza wa Kiismailia kutoka Moshi, akiishi peke yake North York, upande mwingine wa jiji, macho yamefifia. Mama yake Otilia alikuwa akimfanyia usafi, akamtuma binti awe anamsomea barua za Sughra, rafiki yake aliyebaki Moshi na asiyependa simu, na kumwandikia majibu. Otilia alikwenda Jumamosi nne. Kisha zamu za kahawa zikamzidi, akaacha bila hata kuaga. Kwenye fomu, Jumamosi nne zikazaa hamsini na mbili. Njia ya mwongo ni fupi. Ya Otilia ilifika Februari 2012, alipoitwa kwenye usaili na kuambiwa kwamba mashahidi wanapigiwa simu.

Akakimbilia North York.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Watu wa chuo chako walinipigia jana.”

“Ukawaambiaje?”

“Kwamba ulikuja kila Jumamosi, mwaka mzima.”

“Lakini bibi, mimi...”

“Najua. Nilikuwa nazihesabu. Ila ningemwaibishaje mtoto wa nyumbani mbele ya wageni? Nikakusitiri.” Akajifuta macho kwa ncha ya shali. “Sasa kila nikisali, uongo ule unanirudia.”

Heri angemgombeza. Otilia aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akiungama chuoni, atamfanya bibi wa watu mwongo. Akinyamaza, atakuwa daktari kwa uongo wa ajuza ambaye yeye mwenyewe alimtelekeza. Akajua palepale kwamba ataondoa maombi yake chuoni, na sababu hatasema. Ndoto ya mama yake ya kuwa na binti daktari ilikwisha hivyo, Otilia amekaa kwenye kochi la mtu na koti bado hajalivua.

Bi Nurjehan akapapasa droo, akatoa bahasha tisa. Hazikuwa zimefunguliwa.

“Majirani hawajui Kiswahili, mama yako angejua umeacha kuja, na siri za Sughra si za kumpa kila mtu. Nikasema utarudi tu. Haya, anza na ya zamani.”

Otilia akavua koti, akasoma. Ya kwanza ilikuwa ya mvua na harusi, na bibi akacheka. Ya pili iliuliza kama ya kwanza ilifika. Ya tatu ilikuwa na mistari miwili tu, na Otilia akaisoma kwa sauti:

“Nurjehan, mbona kimya? Nimekukosea nini?”