Miaka thelathini nabishana ni Sindano au Asali aliyeimba wimbo ule, jibu nimelikuta duka la bangili Merrylands

Wakuu, nawasabahi popote mlipo.

Niseme mapema: mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimetoka Tanga na darasa la tano langu na nguo kwenye mfuko wa plastiki. Leo niko Sydney, nina malori matatu yanayotoa makontena Port Botany, nina nyumba Rooty Hill, na hakuna aliyenishika mkono. Nimeona mashine zinapanga makontena bila mtu ndani. Nimeona mwanaume mzima anamfanyia mbwa wake birthday na keki. Sishangai.

Mwaka huu nilishangaa. Wenye mdomo wa kusema "chai", yaani uongo, wasubiri nimalize, maana nitaeleza mpaka sehemu zinazoniaibisha.

Kwa vijana kwanza. Kwenye filamu za Kihindi, yule dada anayezunguka mti haimbi yeye. Anafungua mdomo tu. Mwenye sauti yuko studio, humuoni. Ndiyo playback hiyo.

Sisi wa Ngamiani, kule Tanga, tuliwajua watu hao kwa sauti. Lugha hatujui, lakini wimbo mzima tunaandika kwenye daftari kwa herufi zetu, tunakariri kama juzuu. Na tulikuwa kambi mbili, maana walikuwepo akina mama wawili waliokuwa wanagombea kiti kimoja.

Majina yao halisi nayaacha, mashabiki wao wasije wakanichafulia uzi. Mtaani mmoja tulimwita Sindano, sauti nyembamba inapenya mpaka kwenye mfupa. Mwenzake tulimwita Asali, sauti nzito, inakuja taratibu, inanata.

Sindano aliimbia mastaa wakubwa, wale mabinti wa kulia na kuolewa. Asali alipewa wacheza klabu na wanawake wabaya wa filamu. Kwa hiyo sisi watu wa Sindano tulikuwa tunasema mama yetu yuko juu, huyo wenu anaokota makombo. Wao wanajibu: huyo wenu sauti moja tangu azaliwe, wetu anaimba kila kitu, na wenu atakapochoka wetu atakuwa bado yupo. Nikisema ukweli, hilo la mwisho lilitimia. Lakini sikuwahi kulikubali mbele ya mtu.

Mimi Sindano. Rafiki yangu Mbwana, tumekua mtaa mmoja na sasa anaendesha forklift hapa hapa Sydney, yeye Asali.

Ugomvi wetu mkubwa ni wimbo mmoja. Mimi nasema kaimba Sindano, maana niliona filamu yenyewe na bango nje lilikuwa na jina lake. Yeye anasema kaimba Asali, maana kaseti anayo na imeandikwa Asali.

Na mimi nina ushahidi mwingine. Kwenye wimbo ule, kabla ya beti la pili, kuna kitu kinalia kidogo sana: ting! Halafu katikati ya beti mwimbaji anakata pumzi, neno linagawanyika mara mbili. Nilikuwa nasema hizo ni mbwembwe za Sindano, hakuna mwingine duniani anayeziweza.

"Hiyo ting umeiota," Mbwana ananiambia. "Kaseti ninayo tangu sina ndevu. Hakuna ting."

"Wewe ulisikia kaseti. Mimi niliingia sinema, tiketi nililipa."

"Uliruka ukuta."

"Hata kama niliruka ukuta, masikio niliingia nayo!"

Miaka thelathini na ushee, wakuu.

Sasa binti yangu Aisha akapata mchumba, familia ya Mombasa, watu wa heshima. Siku moja nyumbani kwangu, mbele ya wageni, Mbwana akanichokoza tena. Mdomo wangu ukatangulia. Nikasema tuwekeane dau. Atakayeshindwa, siku ya harusi atashika maiki na kusema: "Mimi muziki siujui, nimekuwa naropoka tu."

Fikirieni. Baba wa bibi harusi, mbele ya wakwe na madereva wake mwenyewe. Mke wangu akanitazama, akasema, "Wewe unaoza mtoto au unaoza ujinga?"

Nikaanza kuwauliza Wahindi wote bandarini. Vijana watupu, wimbo wenyewe hawaujui. Harusi ikabaki wiki tatu, nikaanza kukosa raha.

Jumamosi hiyo tukaenda Merrylands, hapa hapa Sydney, kununua nguo za sherehe. Mke wangu na Aisha wakaingia kujaribu, mimi na Mbwana tukawekwa kwenye viti vya wanaume, vile vya kusubiria. Duka ni la Mhindi mmoja wa makamo, Dinesh. Kwenye kaunta ya bangili amekaa mama yake, bibi mdogo kama ndege, anapanga bangili za kioo kwa rangi. Wanamwita Hansa, mimi nikamwita Bi Hansa kwa adabu ya kwetu.

Tukaanza ubishi. Kiswahili kitupu, bibi haelewi neno, anapanga bangili zake.

Mbwana akasema, "Haya imba tusikie, hiyo ting iko wapi."

Nikaimba. Sina sauti, lakini maneno ninayo yote. Yule bibi akaacha kupanga. Nikamaliza beti la kwanza, nikavuta pumzi nianze la pili.

Bibi akatikisa mkono wake. Bangili zikagongana.

Ting!

Pale pale, wakuu. Si kabla, si baada. Nywele za mikono zilinisimama. Mbwana ananiuliza vipi, mimi nimeshamgeukia bibi.

Nikamuuliza bibi kwa Kiingereza, changu cha bandarini na chake cha dukani: umejuaje pale pana mlio?

Akasema, "Nilisahau kuvua bangili."

Dinesh akaja mbio. "Mummy, please. Customers." Akanigeukia, "Sorry mate, anawaambia watu wote kwamba alikuwa mwimbaji."

Nikamwambia Dinesh, kaa chini.

Bibi akaeleza. Zamani filamu ilikuwa haisubiri mwimbaji mkubwa. Akiwa na kazi nyingi au ana hasira, wanamwita mwimbaji wa bei rahisi, anaimba sauti ya mfano, mcheza filamu anapigwa picha kwa sauti hiyo. Baadaye mkubwa anakuja kuimba juu yake, ile ya kwanza inatupwa. Bi Hansa alikuwa huyo wa kutupwa. Alikuwa anamwimbia Sindano, na alikuwa anamwimbia Asali. Alijua Sindano anavuta wapi, Asali analaza wapi. Wote wawili.

Wimbo wetu ule, Sindano aligombana na mwenye filamu, hakuja. Filamu ikatoka na sauti ya mfano vile vile, bango lina jina la Sindano. Kaseti zilipotengenezwa, wakamwita Asali aimbe upya.

Kwa hiyo Mbwana alikuwa sawa, na mimi nilikuwa sawa, na wote tulikuwa hatujui kitu.

Mbwana si mtu wa kukubali haraka. Akaninong'oneza, "Hata yeye anaweza kuwa aliingia sinema tu, kama wewe." Akatafuta filamu kwenye simu, akaipata, kopi mbovu, picha ina mvua ya mikwaruzo. Akaweka sikioni. Nilimuona uso ulivyobadilika ting ilipopita. Akaongeza sauti, akailaza simu kwenye kaunta.

Beti la pili likaanza kwenye simu, na bibi akaanza kuimba pamoja nalo. Sauti imezeeka, inatetemeka, imechanika pembeni. Lakini ni ile ile. Kama unavyomjua mtu kwa mgongo. Nimeibeba sauti ile tangu nina miaka kumi, nimekuja nayo mpaka mwisho wa dunia, kumbe mwenyewe yuko dakika ishirini kutoka nyumbani kwangu, anauza bangili.

Pakafika mahali pa kukata pumzi. Akakata pale pale. Halafu akacheka.

"Watu walidhani ni ufundi," akasema. "Pumzi haikufika. Nilikuwa na huyu tumboni, miezi saba." Akamnyooshea kidole Dinesh.

Mtu mzima yule, ana mvi kuliko mimi, akabaki amesimama na hanger mkononi. "Mummy, hukuniambia."

"Nilikuambia mara nyingi. Ulikuwa na customers."

Mke wangu alikuwa ameshatoka, amesikia yote. Nikamuuliza, sasa nani kashinda? Akasema, "Mmeshindwa wote. Mtasimama wote."

Mbwana akamuuliza bibi swali ambalo ningetaka kuuliza mimi: kati ya wale wawili, nani aliyefanikiwa zaidi? Nikajua hapo ndipo atakapotupa hukumu.

Akafikiri sana. Akasema Sindano alikuwa akiingia studio watu wanasimama, lakini anakula peke yake. Asali alikuwa akiingia watu wanacheka, lakini akitoka wanampa nyimbo zilizobaki. Kila mmoja alikuwa anauliza mafundi, mwenzangu ameimba ngapi mwezi huu? "Mimi peke yangu nilikuwa nalala vizuri," akasema, "maana nilikuwa najua idadi yangu na hakuna wa kushindana naye." Nyimbo mia nne na kumi na mbili. Daftari analo.

Nikamuomba aje aimbe harusini. Akanitajia masharti kama mtu aliyekuwa ameyaweka tayari miaka hamsini.

La kwanza, jina kabla ya wimbo, siyo baada ya wimbo. La pili, haimbi bure. "Nililipwa kidogo, na chai. Sasa nataka dola moja kwa kila wimbo nilioimba."

Wakuu, mimi sijawahi kulipa bei ya kwanza. Tairi, dizeli, nyumba, vyote nimeomba kupunguziwa. Dinesh mwenyewe akadakia, "No, no, mate, hakuna malipo." Bibi akamtazama tu. Na mimi sikuomba kupunguziwa. Ilikuwa mara ya kwanza.

Siku ya harusi tulisimama na Mbwana, tukashika maiki moja. Tukasema kwa pamoja kwamba muziki hatuujui, tumekuwa tunaropoka. Madereva wangu walicheka mpaka wakapiga meza. Wakwe wa Mombasa wakadhani ni mila ya Tanga.

Halafu nikasema jina lake. Hansa. Akasimama katika sari ya kijani, Dinesh amemshika kiwiko. Ukumbi una Warundi, Wakenya, Wakongo, watu hawajui wimbo wala lugha, na watoto wetu wanaoelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza. Alipoanza, hata vijiko vilitulia. Beti la kwanza likaisha.

Akatikisa mkono.

Mbwana alinishika goti chini ya meza, hakuachia mpaka mwisho. Aisha akaniinamia sikioni, "Dad, are you crying?" Nikamwambia ni pilipili.

Nilichojifunza nakisema kwa aibu. Huko juu nimeandika hakuna aliyenishika mkono. Nimeacha niliyoandika, sijafuta. Lakini lori langu la kwanza, mimi sina leseni ya semi bado, aliyeliendesha miezi minane na kukubali mshahara nusu ni Mrundi mmoja anaitwa Nestor. Mlangoni pameandikwa jina langu kwa herufi kubwa. Hadithi ya mafanikio yangu nimeisimulia mara elfu na sijawahi kumtaja. Leo nimemtaja, jina kabla ya wimbo.

Karibuni mseme, na msinipigie kelele za Sindano na Asali tu. Kwenye mafanikio yako, sauti ya mfano alikuwa nani? Mtaje hapa chini.

Na kwa watakaouliza, maana nawajua: usiku ule nilimpa Bi Hansa bahasha ya dola mia tano nikidhani namheshimu. Akavaa miwani, akahesabu mbele yangu noti kwa noti, akafungua pochi yake na kunirudishia themanini na nane.

Imenigharimu dola mia nne na kumi na mbili.