Kikombe cha Maji Juu ya Kipoyi

Nakumbuka asubuhi moja shuleni kwetu Murara, mwanangu. Mwalimu Kambale, aliyetufundisha michezo, alikuja na kipoyi, ile machela ya miti miwili na kitenge ambayo watu wa kwetu Masisi hubebea wagonjwa. Akamlaza rafiki yangu Furaha, akamwekea kikombe cha maji tumboni, akatupanga wasichana wanne tuvuke uwanja wa mawe ya volkano.

Mimi nilikuwa bingwa wa mbio, na nilikuwa nimevimba kichwa. Nikashika mbele, nikachomoka. Wenzangu wakajikwaa, maji yakamwagika, Furaha akaanguka na kuchubuka kiwiko. Mimi, bila haya, nikauliza tumetumia sekunde ngapi.

Mwalimu hakunipigia kelele. "Unajua kukimbia, binti," alisema. "Lakini mimi niliomba munifikishie mutu. Sasa mutu iko wapi?"

Nilinuna wiki nzima. Yeye aliendelea kutuvusha uwanja ule kila Ijumaa, mpaka tukajua kuhesabu hatua kwa sauti moja na kumfuata mwenye mwendo wa polepole. Siku kikombe kilipofika kimejaa, tulirukaruka kama ndama.

Miezi si mingi baadaye, dada yangu Neema alishikwa na uchungu wa kuzaa asubuhi ya mvua. Gari halikuweza kupita kwenye yale mawe, na damu ilikuwa imeanza kumtoka. Tukamlaza kwenye kipoyi. Baba yetu, aliyekuwa akichechemea mguu mmoja, alishika nyuma pamoja na jirani. Mimi na Furaha tukashika mbele. Niliogopa, mwanangu. Mwili mzima uliniambia kimbia. Nikageuka, nikautazama mguu wa Baba, nikaanza kuhesabu: "Moya, mbili. Moya, mbili."

"Papa, iko muzuri?" niliuliza.

"Iko muzuri, mama. Endelea tu hivyo."

Tulifika maternite, nyumba ya kuzalishia, tumelowa chapachapa, na Neema hakuwa ameanguka hata mara moja. Mkunga alisema kwamba angeangushwa njiani, tungempoteza yeye na mtoto. Kabla ya saa sita nikasikia kilio kidogo, nami nikalia na kucheka kwa pamoja. Mtoto yule ndiye mama yako, huyo huyo unayetaka akuandikie barua ya kukwepa somo la michezo, eti ni la wenye mbio tu.

Nenda, mwanangu. Kimbia, ruka, tokwa jasho, ufurahie mwili wako ungali mwepesi. Ila jifunze pia kuusoma mwili wa mwenzako: anachoka lini, anaweza nini, umpunguzie mwendo wapi. Hilo ndilo ningependa shule ikufundishe kabla ya medali yoyote.

Mungu akupe pumzi ndefu na magoti yasiyochoka. Na siku utakapobebwa wewe, akupe wabebaji wanaojua kuhesabu hatua.